Tanuri Lako la Mtambile

Mdogo wangu Kombo,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti chako, nyuma ya meza yako ya kuuzia boflo. Mikate ya asubuhi imekwisha. Nimesubiri kwa muda nipate la kukwambia lenye uzito, halikuja. Basi nitakwambia yaliyopo.

Ulikufa alfajiri, ukiwa umeshatawadha. Msikitini wakalitangaza jina lako kamili, Kombo bin Hamad, pamoja na la babu. Kumbe nusu ya watu wa Mtambile hawakulijua jina hilo. Kwao wewe ulikuwa Afande. Wakamwombea marehemu wasiyemjua, kisha wakachukua vikapu vyao wakaja kununua mkate. Walipokuta mlango umefungwa, wakapanga mstari kama ulivyowazoesha, wakangoja. Faki, fundi wako wa tanuri, ndiye aliyetoka kuwaambia. Mzee Shaame, aliyekuwa wa mbele kabisa, akamjia juu.

"Sasa mbona hawakusema kama ni Afande? Watu twasimama hapa, twamsubiri maiti atuuzie boflo!"

Faki alinisimulia hayo huku akicheka, akalia, akacheka tena. Mimi nilimsikiliza, halafu nikamuuliza kama unga wa siku ile ulikuwa umeshakandwa. Sijui kwa nini niliuliza hilo.

Maziko yako sikuyawahi. Habari ilinikuta Mombasa, na mpaka nifike Tanga nivuke kuja Pemba, ulikuwa umeshazikwa na watu wamesharudi makwao. Niliwahi hitma tu. Wanawake walinikumbatia mmoja mmoja wakisubiri nilie, nami nikawa nawauliza hali za watoto wao.

Ninayemkumbuka zaidi ni yule Kombo wa Ole, nyumbani kwetu, msimu wa karafuu. Sote tumekaa jamvini tunachambua, na wewe umeshalala juu ya lundo la makonyo, vile vikonyo tulivyokwisha kutoa karafuu, shavu lako limechorekachoreka. Mama alikuwa akisema, "Mwacheni alale. Huyu hana kazi atakayoiweza." Wala hakuwa akikutania. Aliamini hivyo kabisa.

Nikaolewa. Miaka ile baada ya Mapinduzi, watu walipokuwa wakivuka kwenda Mombasa bila kuaga, mimi na mume wangu tukavuka pia. Ulikuwa hujaota hata ndevu. Miaka baadaye, sokoni Mombasa, mtu wa kwetu aliniambia umeingia jeshini. Nilikuwa nachagua samaki. Tulioikimbia serikali tulikuwa sisi, na wewe ndiyo hiyo iliyokuvisha sare. Nilimshukuru yule mtu kwa habari, nikalipia samaki, nikaenda kupika.

Ukaenda vita vya Uganda, ukarudi. Ukahamishwa kambi hii na ile huko bara, mpaka ukastaafu na mvi zako. Hayo yote niliyasikia kwa watu. Siku uliyokuja kwangu Mombasa mara ya kwanza, ulipiga hodi umevaa kanzu na kofia, umeshika mfuko. Nilidhani utanieleza kitu, au utaniuliza kwa nini niliondoka. Ukasema, "Dada, n'mekuletea boflo. N'meoka mwenyewe." Ilikuwa imekauka kama ubao. Nilipoitazama ukanambia, "Itie kwenye chai, italainika." Tukakaa, tukachovya, tukala. Tangu siku hiyo hatukuzungumza habari za jeshi wala za kuvuka. Tulizungumza mkate. Jinsi ulivyojifunza kuoka katika jiko la kambi, bei ya unga, tanuri ulilolijenga kwa udongo ubavuni mwa nyumba yako. Watu wengine wangeona hatukusema kitu. Mimi naona tulisema tulichokiweza.

Uhai wako nilikuja Pemba mara moja tu, ulipomwoza mwanao Ali, na hapo ndipo nilipokuona kazini. Wanunuzi wamejazana, kila mmoja kanyoosha mkono na mdomo wake, na wewe umesimama wima kama mlingoti: "Mstari! Hakuna mstari, hakuna boflo!" Bi Riziki, jirani yetu wa zamani, akajishika kiuno.

"Weye Kombo! Mie n'mekuogesha weye, leo wanipanga mstari?"

"Mama, hata aliyeniogesha hupanga."

Akapanga. Akakutukana mpaka zamu yake ilipofika, kisha akanunua mkate na kukuombea dua.

Sasa sikiliza yaliyotokea baada yako. Mkeo, Bi Mize, yumo ndani ya eda. Hatoki, na Faki si maharimu wake, hawezi kukaa naye wakapanga kazi. Siku niliyokuwa nafunga mzigo wangu kurudi Mombasa alinishika mkono. "Wifi, n'kalie dukani mpaka n'toke. Likifungwa sasa halitafunguliwa tena, namjua Ali." Nikasema sawa. Ndiyo nimekaa. Mkeo anaendesha tanuri kwa pua. Sote tumetulia, ghafla sauti inapita dirishani: "Wifi! Mwambie Faki moto umezidi!" Faki anafungua tanuri, na kweli, mikate imeanza kushika rangi mbaya. Anachomoa makumbi ya nazi motoni, anatikisa kichwa.

Wiki iliyopita Ali alikuja kutoka Dar. Kapata mpangaji, mtu wa simu na miamala ya pesa, ataka kulibomoa tanuri aweke kioo. Tuliingia kwa mama yake pamoja. Mwanao alizungumza kwa adabu, sitamsingizia. Alisema mama apumzike, Faki atapata kazi kwengine, na shangazi hawezi kukaa dukani kila siku kwa umri huu.

Bi Mize alimwacha amalize. "Baba yako kanioa hana ila sanduku la bati. Tanuri lile n'mekanda udongo wake kwa mikono hii. Mie nikitoka eda, n'tasimama pale mwenyewe."

"Na kabla hujatoka, mama? Shangazi ana kwake."

Wakanigeukia wote wawili. Nilijua wanachoniuliza. Nikisema nina safari, mpangaji ataingia mwezi huu. Nikatoa simu mbele yao nikampigia mwenye nyumba wangu Mombasa, nikamwambia chumba changu cha ujane akipangishe, vyombo ampe jirani, vitabu avitie kwenye maboksi avitume huku kupitia Tanga. Nilisema kwa sauti ile ile ninayomwagizia muuza unga. Ali akainamisha kichwa, kisha akambusu mama yake mkono. Kesho yake akarudi Dar.

Sijalia bado. Wanasema nitalia, labda. Kila asubuhi nafungua mlango, watu wapo, nawauzia. Jioni nakwenda kaburini kwako, nasimama, nakusalimu, narudi.

Umri wangu wote ugenini niliiwaza siku nitakayorudi Pemba kuishi. Nilidhani nitabusu ardhi. Nilirudi kwa simu moja, nimekaa kwenye mkeka wa mkeo, na baada ya hapo nikauliza kama kuna chai.

Pumzika, Kombo. Unga wa kesho tumeshaukanda.

Dada yako