Rivolva Iliyomuua Dubu wa Mto Kettle

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Mto Kettle, Alaska

Jina: Arvid Nygaard
Umri: Miaka 63
Kazi: Fundi wa injini za boti
Makazi: Nyumba ya mwisho kabla ya gati, Mto Kettle

Nimeitwa kueleza nani alimuua dubu na kwa silaha gani. Shemeji yangu, Dwight Pruett, ameandikisha kwamba alimuua yeye, kwa rivolva yake, bastola yenye risasi za kipimo cha mia tano. Risasi iliyotolewa kwenye fuvu ni ya kipimo kidogo, cha arobaini na nne. Msimu wa kuwinda dubu umefungwa. Ikionekana waliua kwa kupenda, yeye na mkewe Marlys, ambaye ni dada yangu, watapoteza leseni ya kuwinda pamoja na nyama ya kulungu, chakula chao cha majira yote ya baridi. Kwa hiyo nasema nilichokiona.

Mwezi Agosti walikuja kwangu, maana nauza pia bunduki na bastola, kuchagua silaha ya porini. Kwetu rivolva haichaguliwi kwa mikono mikavu. Unazamisha mikono kwenye ndoo ya maji ya mto mpaka vidole vigome, kisha unapiga risasi mbili haraka. Risasi ya kwanza kila mtu anaiweza.

Dwight aliikataa ndoo. "Shemeji, nimekuja kununua bastola, sikuja kufua." Akachukua ile ya mia tano, ndefu na nzito kama nyundo ya mhunzi. Ya kwanza ilipiga ubao wa shabaha. Ya pili ilikwenda mawinguni na kofia yake ikaanguka. Alisema ni upepo. Siku hiyo hapakuwa na upepo.

Marlys alizamisha mikono, akachukua ya arobaini na nne yenye mtutu mfupi, akapiga ubao mara mbili.

Dwight akamwambia, "Mke wangu, hiyo itamtekenya dubu tu."

"Basi afe kwa kucheka," Marlys akajibu.

Mnamo tarehe 19 Septemba Dwight aliangusha kulungu dume juu ya kona ya mto. Kesho yake asubuhi tulirudi sisi watatu kubeba nyama. Bunduki ya kuwindia tuliiacha kwenye boti. Dwight alijifunga paja zima la kulungu mgongoni. Rivolva ilikuwa inamkandamiza kifua chini ya mikanda, akaivua na kuitundika kwenye tawi.

"Umeivua?" Marlys aliuliza.

"Naipumzisha."

Dubu alitoka vichakani upande wetu. Alitaka nyama, na nyama ilikuwa mgongoni kwa shemeji yangu. Tulipiga kelele kama kawaida, "Hoya! Toka!" Dwight alirudi nyuma, akajikwaa, akalala chali juu ya paja lile, miguu hewani. Dubu akamjia mbio. Marlys alipiga. Ya kwanza iliingia begani na dubu hakusimama. Ya pili iliingia kichwani. Alianguka pua ikiwa kwenye buti la Dwight.

Tulimchuna, kwa sababu ngozi na fuvu ni mali ya serikali hata kama dubu alikuja kukula wewe. Marlys alikuwa ameficha viganja ndani ya koti. Mimi nilimfunga kamba za viatu, nikajifanya zilikuwa zimelegea.

Afande ameniuliza kama Dwight ni mwongo. Siyo. Ameokolewa na bastola aliyoicheka, na bado anatafuta pa kuweka uso.

Nimesomewa niliyoyasema, ni yangu, siongezi wala sipunguzi.

Sahihi: A. Nygaard

Maelezo ya afisa: Bw. Pruett amesomewa maelezo haya mbele ya mkewe, ameyakubali na kufuta yake ya awali. Dubu aliuawa kwa kujihami. Ngozi na fuvu vimepokelewa. Nyama ibaki kwao, na rivolva ya arobaini na nne imerudishwa kwa Bi. Marlys Pruett. Bw. Pruett ameomba iandikwe kwamba mwezi Agosti upepo ulikuwepo. Shahidi ameulizwa tena. Hakubadili.

Sajini T. Ivanoff