Siku Umeme Uliporudi ku Atelie

Goma, Murara

Mama yetu mupendwa,

Nakusalimia kwa jina la Bwana, wewe na wote walio ku nyumba. Ni mimi Solange. Kifua chako kiko namna gani? Ile baridi ya asubui ingali inakusumbua? Na ng'ombe, wangali wako, ao askari wamewakula wote? Simu ya huko kwenu Kalengera haiingie tena tangu waliharibu antene, njo maana ninaandika. Mama Zawadi, yule anayeuza maharagi, ameniambia kwamba ku Kibumba waasi wanaacha wanawake wapite na miguu. Barua hii ataifunga ndani ya kitenge chake.

Mama, kaa chini kwanza. Mimi niko muzima. Faustin pia yuko muzima, lakini amepoteza mukono wa kuume.

Sikutaka uyasikie kwa watu wa barabara. Nitakuelezea yote namna yalivyokuwa.

Tangu volkano ilikula atelie yake ya useremala, Faustin alikuwa anafanya kazi kwa watu tu. Halafu Papa Melki, anayeuza vitanda na milango hapa Murara, akanunua ng'ambo ya mupaka mashini moja inayochonga mbao yenyewe, bila mutu kuishika. Ilikuwa ya zamani, na kile kisanduku cha kuiongoza kilikuwa kimeungua. Faustin akamuambia, "Unipe ordinatere moja, kompyuta yoyote ya zamani, na dada yangu Solange aliyesoma informatike. Tutaiamusha." Papa Melki akajibu kwamba tukifaulu, atelie yake itakuwa mikononi mwetu sisi wawili.

Tulitaka ya zamani kwa sababu ordinatere za sasa hazina tena porti paralele. Ni ule mulango mupana wa nyuma, wenye vitundu vingi, mahali walikuwa wanaingiza waya ya kuchapa makaratasi. Kila kitundu unaweza kukipa kazi yake. Hiki kinasukuma mota hatua moja, hiki kinaiambia iende mbele ao irudi nyuma, kingine kinawasha kisu. Faustin aliunga waya, mimi nikakaa mbele ya klavye kubonyeza herufi.

Kwa muda murefu haikutii. Mota zilinguruma mahali pamoja kama ng'ombe anayekataa kuvuka maji. Nilibadilisha namna porti inavyosema na mashini, nikaandika upya adresi yake, wapi. Faustin akapima waya moja moja, akakuta nguvu inayotoka ku ordinatere ni kidogo sana, mashini haiisikie. Akatengeneza kipande kidogo cha kuiongeza nguvu. Tukajaribu tena. Meza ikatembea polepole, kisu kikachora duara ku mubao. Faustin akaweka kidole, akalifuata lile duara lote mpaka mahali alipoanzia. "Solange, angalia. Haina kona." Sikuwa nimeona uso wake vile tangu tulizika papa yetu.

Tulichonga milango ya kanisa na vichwa vya vitanda. Watu wakaanza kutujua. Na kwa sababu hapa umeme unakatika kila mara, tulipanga ordinatere iwe inaamuka yenyewe umeme ukirudi.

Kisha vita ikafika Kibumba. Nguzo zikaanguka, muji muzima ukabaki bila umeme. Siku moja, muchana, Faustin alikuwa anatoa vumbi la mbao chini ya kisu. Nikamuambia kaka yangu, "Yaya, kata kwanza swichi kubwa." Akacheka. "Umeme gani? Nguzo ziko chini. Nani atazisimamisha leo na hizi bunduki na masasi?"

Umeme ulirudi bila mutu kutuambia. Na ordinatere kama hiyo, Mama, ikiamuka, kabla haijakumbuka kazi yake, inatupa nguvu ku vitundu vyote vya porti. Kitundu cha kisu pia. Ni wakati mudogo sana, lakini ulitosha.

Damu sitakuandikia.

Tulimubeba ku chukudu ya jirani, ile ya mbao ya kusukuma, sababu watu wa pikipiki walikuwa wamekimbia. Ku lopitali watu walikuwa wamelalishwa mpaka inje, ku majani. Mama wa kuandika majina akaniuliza, "Ni masasi?"

"Hapana, ni mashini."

"Basi mungojee pale pembeni. Wa masasi kwanza."

Tukangoja. Nilifunga ule mukono na kitenge changu, nikakifungua, nikakifunga tena. Munganga alipofika alikuwa amechoka mpaka anaegemea ukuta. Akaangalia, akaongea na mimi, si na Faustin: "Siku ingine tungejaribu kuokoa vidole. Leo sina wakati na sina damu ya kumuongezea." Wakaukata ku kifundo.

Kisha waasi wakaingia muji. Papa Melki alivuka mupaka na familia yake. Askari wakavunja mulango wa atelie wakachukua ordinatere, nafikiri wanataka kuangalia filme. Mashini imebaki, waya zake zinaninginia. Sasa ninauza mikate ku barabara, siku ile kuna unga.

Faustin haongee. Analala akiangalia ukuta. Watu wa kanisa walikuja kumuombea, akajifunika blanketi mpaka walienda. Wakati mwingine vidole vinamuwasha, vile ambavyo haviko tena. Ananiomba nimukune, na mimi sijui niweke mukono wapi.

Juzi nilimuambia, "Turudi kwa mama." Akasema, "Mama alituma Goma watoto wawili wenye mikono ine. Nitamurudishia mitatu? Nitamukamulia ng'ombe na nini? Enda wewe."

Mama, nimeshindwa. Mimi hanisikie tena, na ninaogopa kumuacha peke yake hata nikienda kuuza mikate. Umutume Mama Zawadi na neno lako wewe, kwamba unamuita. Usitaje mukono, usiseme pole, na usiseme kuna kazi inamungojea. Sema tu mama yako anakuita. Akikataa hata wewe, sijui tena ni kwa nani nitabisha.

Unisalimie shangazi Verediana, na mujomba anayetuchungia ng'ombe, na mudogo wetu Aline. Katekista umuombe atukumbuke, lakini asitangaze kanisani. Faustin hajui kama ninakuandikia.

Kama atakubali kuja, watu wasijae ku kiwanja. Atakunyooshea mukono wa kushoto. Mama, uupokee.

Ni mimi mutoto wako,
Solange