Kocha Aliyekula Pilau Yetu

Bordesley Green, Birmingham
Oktoba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mguu hauumi tena na Mama ameacha kukohoa. Mimi na Shangazi hatujambo, Alhamdulillahi, isipokuwa baridi imeanza mapema na majaketi yote yameshatoka kabatini. Ulinilaumu kwamba kwenye simu najibu ndiyo na hapana tu. Ni kweli, Baba. Kadi ya simu huisha nikiwa bado natafuta neno la kuanzia, na Shangazi hukaa pale pale akisikiliza. Kuandika naweza.

Unamkumbuka Kocha Martin, yule mzungu uliyeongea naye kwenye simu nilipokuwa namaliza shule. Aliiona timu yetu ya shule ikicheza mpira kule Castle Vale, akaja nyumbani kuniomba nikadake katika timu ya wasichana ya chuo chake. Shangazi alimpikia pilau, akala mpaka akaongeza, na pilipili ya kachumbari ikamtoa machozi. Ulimuuliza kama nitaruhusiwa suruali ndefu na mtandio, akakubali. Kisha ukamtania kwamba mtu haji kuomba binti wa watu peke yake, mshenga wake ni nani? Nilipomtafsiria alicheka, akaninyooshea kidole. "Mwambie mshenga ni wewe." Nawe ukacheka, ukasema basi, umempa.

Shule nzima hakuna aliyekuwa akiniona, Baba. Niliamini huyu ameniona. Kwa ajili yake niliiacha nafasi ya kozi ya malezi ya watoto niliyokuwa nimeshaipata hapa karibu na nyumbani.

Kabla chuo hakijafunguliwa akaniuliza habari za Ikram. Huyu ni rafiki yangu wa darasani, Msomali aliyekulia Nairobi, mshambuliaji wetu. Akikimbia na mpira utadhani umefungwa mguuni. Makocha wengi walimtaka, lakini mama yake hakutaka kusikia, na mama huyo Kiingereza hakimpandi. Kiswahili anakijua vizuri. Kwa hiyo Kocha akanichukua twende kwao. Mimi ninayeogopa hata kumuuliza dereva wa basi kituo, nilikaa kwenye zulia la watu nikaongea mpaka chai ikapoa. Nilimwambia Mama Ikram kwamba baba yangu amekubali, kwamba Kocha ni mtu wa kushika neno, kwamba mimi na Ikram tutakwenda na kurudi pamoja. Alinitazama sana.

"Huyu mwanamume mimi simjui," alisema. "Mtoto wangu nampa wewe."

Mwezi uliopita tulifika uwanjani tukamkuta mama mmoja na filimbi shingoni. Alituambia Kocha Martin amehamia chuo kingine, upande wa Sutton Coldfield, na yeye ndiye kocha mpya. Akasema kila mmoja atajaribiwa upya, maana yeye hakumchagua yeyote kati yetu. Wenzangu walinung'unika. Mimi nilijua Kocha atanipigia. Si alikuahidi wewe?

Na kweli alipiga. Nilikuwa jikoni namenya vitunguu, nikakimbilia simu na mikono hivyo hivyo. Akanijulia hali, akasema chuo chake kipya kinamtaka Ikram haraka, ila mama yake hataki kukubali mpaka asikie kwangu. Je, ningeweza kwenda tena kuzungumza naye? Nikangoja. Nilidhani habari yangu inakuja mwishoni. Haikuja, nikajikaza.

"Na mimi, Kocha?"

Akasema makipa anao tayari, lakini mimi ni msichana mzuri na nimemsaidia sana.

Nimemsaidia, Baba. Tangu hapo najiuliza, siku ile Castle Vale alikuwa akimtazama nani.

Nilikwenda kwa Mama Ikram peke yangu. Ikram ndiye aliyefungua mlango, naye ameshavaa koti la mazoezi la chuo kipya. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. "Ningekwambia ungelia," akasema, akiangalia viatu vyake. Mama yake akatokea nyuma amefurahi, akauliza koti langu liko wapi. Kumbe Ikram alimwambia tunahama wote wawili.

"Mimi siendi, Mama. Hakunichukua."

"Si wewe uliniambia ni mtu wa neno?"

"Niliamini hivyo."

"Na mimi nilikuamini wewe."

Hakunifokea. Alinimiminia chai kama mgeni yeyote. Kama atamruhusu Ikram au la, sijui. Ikram hajanisemesha tena. Asubuhi kwenye basi anakaa mbele na mimi nyuma, na tunashuka kama watu wasiojuana.

Majaribio ya kocha mpya ni baada ya likizo fupi. Nimemuuliza habari ya suruali na mtandio kwa mdomo wangu mwenyewe. Akasema kipa avae atakacho, mradi adake. Shangazi anasema mpira umeshatuaibisha vya kutosha, nirudi kwenye malezi ya watoto kama bado watanipokea.

Msomee Mama barua hii, ila uruke mahali pa kulia. Mbusu Bibi anayehofu kwamba huku sili. Na Kaka Juma, aliyenifundisha kudaka pale uani kwa mpira wa makaratasi, mwambie mikono bado ipo.

Baba, ruhusa ile ulimpa Kocha Martin, naye ameondoka nayo. Naomba nyingine, na safari hii unipe mimi. Kama ni hapana, nitatii. Lakini jibu usimpe Shangazi kwenye simu. Niandikie mwenyewe.

Binti yako,
Mwanaidi