Namba Mbili za Tetemeko Moja

Mama yangu mpenzi,

Sauti ya bakuli la bati likizunguka sakafuni bado ninayo masikioni. Tulikuwa tunaongea kwa simu, ukasema ardhi inacheza, kisha nikalisikia likizunguka, likizunguka, hadi likatulia. Ukuta wa jikoni ulikuwa umeshamwangukia baba.

Shikamoo mama. Unapata usingizi? Kifua bado kinakubana? Mimi mwili mzima, ila chakula cha huku ugenini kimenishinda tangu siku ile.

Nakuandikia kwa sababu simu yako anaipokea baba mdogo, na kila nikimwomba akuruhusu uhame, yeye hunijibu kwa namba. "Redio imesema nne na nusu, ofisi yenu inasema tano. Nyie wasomi hamjakubaliana, halafu mnataka kumtoa mjane kwenye eda?"

Mama, hakuna aliyekosea. Kipimo kimoja huangalia mtambo wa kupimia ulitikisika kiasi gani. Kingine hukadiria ukubwa wa mwamba uliokatika chini na ulivyoteleza. Kazi yangu hapa ni kulinganisha vipimo hivyo kwa matetemeko ya ziwa letu. Lililomchukua baba limo kwenye jedwali langu, mstari mmoja kama mengine. Huwa nauziba kwa kiganja ndipo niweze kuendelea.

Kipo kipimo cha tatu, nacho huwauliza watu: vyombo vilianguka? Ukuta umepasuka wapi? Hicho ulinijibu mwenyewe msibani, kaka Hamisi alipokushikia simu. Ulisema ufa umeanzia dirishani, juu ya kitanda chako, na mkono unapita. Likija hata dogo kuliko lile, nyumba hiyo haitangoja tumalize kubishana.

Ulisema, "Nitamwachaje, mwanangu, na eda yake haijaisha?" Nimemuuliza shehe wetu wa Ujiji. Amesema nyumba ikitishia kuanguka, mjane huhamia penye usalama, akamalizia eda huko.

Nisalimie baba mdogo. Sina kinyongo naye, amempoteza kaka yake. Nisalimie na majirani waliokuchotea maji. Shangazi wa Rusimbi utamsalimia ukifika, ameshakutandikia chumba.

Kaka Hamisi anayekusomea barua hii hakuja hapo Mwamgongo kwa mashua ya abiria. Ile iliyoko ufukweni nimeikodi mimi kutoka Kibirizi, na nahodha nimemwambia asiondoke bila wewe.

Mwanao anayekulilia,
Zaituni