Shamba Linaloitwa Taki

Riyadh, 9 Februari 2025

Dada Serah,

Bwana asifiwe. Huku Olaya baridi inapungua na kifua changu kimetulia. Mgongo wako je, na madam anakuacha upumzike Ijumaa?

Nimeangalia sana picha za msingi wa nyumba ya Mama. Lakini kuna jambo, tafadhali soma hadi mwisho.

Shamba letu huitwa Taki, na mahindi ambayo Babu alipeleka kanisani kila mavuno aliyaita tindi. Nilidhani ni Kikuyu cha zamani. Kwenye jengo ninalolinda kuna mzee Mskoti, mhandisi, tunayepiga stori naye getini. Jana nilimtajia maneno hayo. Akaniambia, "Hayo ni ya sheria za kwetu, za zamani sana. Tack ni shamba la kukodi. Teind ni zaka."

Wamisionari wetu walitoka huko Uskoti, Serah. Hawakumpa Babu shamba, walimkodisha. Ni la kanisa. Tumsimamishe fundi kwanza.

Kaka yako,
Lewis

Jeddah, 10 Februari 2025

Kaka Lewis,

Mwili mzima, mengine usiulize. Hapa Al-Hamra napiga pasi mashuka ya watu huku naona veranda yangu. Nilipanga mkataba ukiisha nirudi nikae pale na Mama, nifuge kuku, halas, basi. Huyo mzee wako angenyamaza tu.

Fundi nimemsimamisha. Mama asijue, presha itampanda. Na usinipigie kwanza.

Dada yako

Riyadh, 2 Machi 2025

Serah wangu,

Unakula lakini? Leo nimepata maandazi pale Batha, nikakukumbuka ukinigawia nusu kubwa.

Mama aliniuliza fundi amepotelea wapi. Nilishindwa kumdanganya. Akacheka. Alijua shamba ni la kanisa tangu alipoolewa, Babu mwenyewe alimweleza. Nikamuuliza mbona basi alituacha tujenge. "Mlikuwa mnanipigia simu kwa furaha, mkibishana rangi ya mabati," akasema. "Ningewakatizaje?"

Ameshaongea na wazee wa kanisa. Wamekubali tujenge, aishi pale maisha yake yote. Baada yake, shamba linarudi kwao. Nitafuata utakalosema.

Kaka yako

Jeddah, 3 Machi 2025

Kaka mpendwa,

Sijambo. Nimelia, kisha nimecheka kama Mama.

Mwambie fundi arudi. Nyumba ilikuwa ya Mama, ile veranda nilijijengea mwenyewe moyoni. Mvua isimkute chini ya paa linalovuja. Weka mabati mekundu, umeshinda. Mimi na wewe tutatafuta pengine, polepole.

Dada yako anayekupenda

Riyadh, 27 Aprili 2025

Dada Serah,

Natumai joto la Jeddah halijakuzidi. Mimi salama.

Mama amehamia. Amechukua chumba kidogo, kile kikubwa amekitandika na kukifunga. Anasema ni chako ukija likizo. Nikamkumbusha, "Mama, shamba si letu, tumeachiwa kwa muda tu."

Akanijibu, "Kwani hata uhai huu nimeachiwa milele?"

Kaka yako