Ukuta wa Mashine ya Kusaga

Dada Rehema, shikamoo. Songea kuna baridi kali, lakini mimi nachemka kwa hasira. Akina mama wa Mfaranyaki waliniomba niwachoree ukuta wa mashine ya kusaga. Nikachora mke ana gunia la mahindi kichwani na mtoto mgongoni, mume anatembea mbele mikono mitupu. Leo mwenye mashine kaniletea ndoo ya chokaa. "Unatudhalilisha wanaume. Futa!" Haya, nikamfuta mume peke yake. Mama mmoja aliyekuwa anasubiri unga akaitazama picha, akasema, "Sasa hapo ndipo nyumbani kwangu."

Nimekukumbuka sana. Mwambie shemeji gunia la wiki hii alibebe yeye, la sivyo nakuja na chokaa iliyobaki.

Mdogo wako,
Zawadi