Shibe Huja kwa Miguu

Mjukuu wangu Tumaini,

Huku Rujewa tu wazima, na mpunga umeshaingia ghalani. Umeuliza kwa nini huachi kula hata tumbo likikaza.

Usichanani wavunaji tulikula sinia moja, na mwenye mkono mzito alibaki na njaa. Nikazoea kula mbio, hadi siku moja nikashindwa kuinama kuvuna. Kesho yake mama alinipakulia bakuli langu peke yangu.

"Kula nusu, kisha kapepete kwanza. Tumbo hutuma habari kichwani kwa miguu."

Niliporudi, wali ulikuwepo, njaa haikuwepo.

Ubongo wako haukudanganyi, habari zinauchelewa tu. Mimi hadi leo naweka kijiko chini na kuungoja, na sitaacha. Huko Iringa hakuna anayegombania sahani nawe, Tumaini. Weka kijiko chini.

Bibi yako